Nani Anafunga Mlango? Ushauri Nasaha Kupitia Simu na Mtandao

Chumba cha ushauri nasaha kina kazi nyingi ambazo mteja hazioni. Mlango ukifungwa, siri imelindwa. Ukuta unazuia sauti isimfikie anayesubiri nje. Karani wa mapokezi anapokea malipo, kwa hiyo mshauri na mteja hawalazimiki kuzungumzia pesa machozi yakiwa bado hayajakauka. Kabati lenye kufuli linatunza faili. Hata safari ya kurudi nyumbani ina kazi yake: mama aliyetoka kuzungumzia kifo cha mwanawe anapata nusu saa ya kujikusanya ndani ya daladala, kabla hajaulizwa leo tunapika nini.

Ushauri ukihamia kwenye simu, kazi hizo hazifutiki. Zinahamia kwa mteja, na mara nyingi hakuna anayemwambia kwamba sasa ni zake. Naona hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Mtu anajaribu kikao kimoja, anazungumza kwa kunong'ona huku watoto wanaingia na kutoka, simu inakatika mara mbili, anamaliza akiwa amechoka kuliko alivyoanza, kisha anahitimisha kwamba mambo haya ya ushauri hayamfai. Huenda yanamfaa sana. Hakuwa na mahali pa kuyafanyia.

Kuhusu huduma yenyewe, shaka imepungua sana. Tafiti za zaidi ya miaka 20 kuhusu tiba ya fikra na tabia inayotolewa kwa njia ya intaneti zinaonyesha kwamba kwa sonona isiyo kali na kwa aina nyingi za wasiwasi, matokeo yake hukaribiana na ya kuonana ana kwa ana, hasa pale ambapo kuna mtu anayemfuatilia mteja. Mteja akiachwa peke yake na programu, wengi huacha njiani na nafuu hupungua. Na simu imeingia kwenye kazi hii zamani kuliko tunavyodhani. Mwaka 1953 kasisi Chad Varah wa London alianza kupokea simu za watu waliokata tamaa ya kuishi, na kutokana na kazi hiyo likazaliwa shirika la Samaritans. Mlipuko wa corona mwaka 2020 ulichofanya ni kuwasukuma hata wale washauri waliokuwa wakisita, wakajikuta wanafanya kazi yote kwa video na simu.

Kwetu Afrika Mashariki kuna sababu ya ziada ya kutumia simu. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili na wanasaikolojia waliofunzwa ni wachache, na wengi wao wako kwenye miji mikubwa. Mtu wa Tandahimba au wa Lodwar anayetaka kuonana na mwanasaikolojia anahesabu nauli, malazi, siku za kazi zilizopotea, na maelezo atakayowapa majirani kuhusu safari yenyewe. Simu inamwondolea hayo yote. Pia inamwondolea kuonekana akiingia kwenye jengo ambalo mtaa mzima unajua ni la nini, na kwa wengine huo pekee ndio uamuzi wa kwenda au kutokwenda.

Ipo mifano miwili ya Afrika ambayo kila anayeanza anafaa kuijua, ingawa yote miwili ilifanyika ana kwa ana. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianzisha mpango wa kuwafundisha bibi wa mitaani mjini Harare kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kuchambua tatizo moja baada ya jingine. Jaribio la kisayansi lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nairobi nako, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulijaribu mpango wa Shirika la Afya Duniani wa vikao vitano tu, ukitolewa na wahudumu wa afya ya jamii kwa wanawake ambao wengi wao walikuwa wamepitia ukatili, na wengi walipata nafuu. Mifano hii inatuambia kwamba nguvu ya ushauri iko kwenye mazungumzo yenye mpangilio, na mtu aliyefunzwa kuyaendesha. Kiti cha ngozi na kiyoyozi havina mchango mkubwa. Ndiyo maana kazi hii inaweza kuhamishwa.

Sasa tuingie kwenye kikao cha kwanza, kwa sababu ndicho kinachowavunja moyo watu wengi.

Jamii zetu hazikosi washauri. Binti anayeolewa ana somo au kungwi. Ndoa ikiyumba wanaitwa wazee wa pande mbili, au mshenga aliyeipeleka posa. Msikitini yuko shehe, kanisani yuko mchungaji, na ukoo una yule mjomba ambaye neno lake halipingwi. Wote hawa wana jambo moja linalofanana: wanasikiliza, kisha wanatoa uamuzi. Vumilia. Mrudie mumeo. Msamehe ndugu yako, damu nzito kuliko maji. Mtu aliyekulia kwenye utaratibu huo anapompigia mshauri wa mtandaoni, anasubiri uamuzi. Badala yake anaulizwa maswali dakika 50, na mwishoni anaambiwa, “Tukutane tena Jumanne.” Anaweka simu chini akijiuliza amelipia nini.

Amelipia kusikilizwa na mtu asiye na upande. Mjomba ana maslahi na ndoa yako, maana mahari alikula yeye au alitoa yeye. Jirani ana maslahi na habari zako. Mshauri hana shamba la kurithi wala sura ya ukoo ya kuilinda, ndiyo sababu anaweza kuuliza swali ambalo hakuna mwingine angeliuliza. Siwapunguzii wazee thamani yao hata kidogo. Ziko ndoa nyingi zilizosimama kwa sababu yao. Ila kazi zao ni tofauti, na mwenye kujua tofauti hiyo mapema hatakata tamaa kikao cha kwanza kikiisha bila hukumu.

Edward Bordin, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1979 kwamba uhusiano unaofanya kazi kati ya mshauri na mteja una nguzo tatu: kukubaliana juu ya lengo, kukubaliana juu ya kazi itakayofanywa ili kulifikia, na kuaminiana. Maelezo haya yananisaidia kuona kikao cha kwanza kina shughuli gani. Mshauri anatafuta lengo. Mteja anakuja na mzigo uliofungwa pamoja: mume, deni, usingizi, mama mkwe, kifo cha baba ambacho hakikuliliwa vizuri. Lazima ufunguliwe kwanza, kitu kimoja kimoja, ndipo ijulikane wanaanzia wapi. Kazi hiyo haionekani kama matibabu, lakini ikirukwa, vikao vinavyofuata huzunguka pale pale.

Tuseme ni dada wa miaka 30, karani wa kampuni ya usafirishaji, anaishi Tabata, Dar es Salaam, kwa shangazi yake. Kikao ni saa moja jioni. Sebuleni shangazi anaangalia tamthilia na sauti iko juu, na kwa kweli hiyo ni bahati, kwa sababu kelele za televisheni zinafunika maneno. Dada yuko chumbani, mgongo ukutani, spika za masikioni zimewekwa. Mshauri, mama wa makamo, anaanza hivi:

“Habari za jioni, mwanangu.”

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Kabla hatujaanza, uko mahali unapoweza kuongea?”

“Niko chumbani. Shangazi yuko sebuleni.”

“Mlango unafungika?”

“Unafungika, ila akigonga lazima nifungue.”

“Sawa. Akiingia mtu, wewe sema tu ‘nitakutumia ile risiti.’ Hapo nitajua, nitanyamaza au tutaongea habari za kazi. Na simu ikikatika, usihangaike, nitapiga mimi. Nikikosa kukupata kwa dakika kumi, nitakutumia ujumbe wa kawaida usiosema chochote. Sasa niambie, uko mtaa gani, na kuna mtu gani wa karibu naweza kumpigia kukiwa na hatari?”

Dada anashtuka. Alidhani hapa hataulizwa anapoishi, ndiyo maana alichagua mtandao. Lakini swali hili ni la lazima, na mshauri asiyeliuliza ningemtilia shaka. Mtu akizidiwa ofisini, mshauri yupo naye chumbani. Akizidiwa akiwa upande wa pili wa simu, anwani ndiyo pekee inayoweza kumfikishia msaada. Namba ya mtu wa karibu haitumiki kwa jambo jingine lolote, na mteja ana haki ya kumchagua mwenyewe. Dada wa Tabata anaweza kumtaja rafiki wa kazini badala ya shangazi.

Kitakachofuata ni ridhaa: nini kitabaki siri, na nini hakitabaki. Mshauri makini atasema waziwazi kwamba siri ina mipaka, kwamba kukiwa na hatari ya maisha ya mteja au ya mtu mwingine, au mtoto anadhulumiwa, anaweza kulazimika kumhusisha mtu wa tatu. Watu wengine husikia maneno hayo kama tishio wakanywea. Ni afadhali usikie mipaka hiyo siku ya kwanza kuliko kuigundua siku mambo yameharibika.

Kisha huenda ukapewa dodoso. Linalotumika sana kwa sonona lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kukosa raha ya mambo uliyoyapenda, kujiona hufai. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, jumla haizidi 27. Limetafsiriwa kwa Kiswahili na limefanyiwa majaribio Afrika Mashariki. Alama zake ni kipimo cha kuanzia tu, kama uzito wa mtoto kliniki. Hazikupi jina la ugonjwa. Faida yake utaiona baada ya wiki kadhaa, unapojaza tena na kulinganisha.

Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Mshauri ataliuliza hata kama umekuja kwa habari ya ugomvi na bosi. Wapo wanaoamini kwamba kumuuliza mtu kuhusu kujiua ni kumpandikizia wazo hilo. Tafiti haziungi mkono imani hiyo, na wengi walioulizwa husema walipata ahueni kwa sababu hatimaye kuna mtu aliyetamka. Hofu nyingine ni ya kisheria, na ina msingi wake. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya nayo ilikuwa na kifungu cha 226, hadi Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba mnamo Januari 2025. Vifungu vya namna hii huadhibu jaribio, haviadhibu wazo, na mtu anayemwambia mshauri kwamba amechoka kuishi hajatenda kosa lolote. Kwa maoni yangu, kumfungulia mashtaka mtu aliyenusurika kifo ni kumwongezea jeraha, na kila mwaka kifungu cha namna hiyo kinapobaki vitabuni kinawafanya watu waseme “niko salama” wakati hawako salama.

Lipo jambo ambalo vitabu vya ushauri vilivyoandikwa Ulaya na Marekani havina habari nalo, nalo ni salamu. Yule dada alisema shikamoo na mambo yakaenda, kwa sababu mshauri alikuwa na umri wa mama yake. Geuza hali. Mteja ni baba wa miaka 58, mstaafu wa bandari ya Tanga, na mshauri ni kijana wa miaka 28 aliyemaliza chuo juzi. Kijana anaamkia, baba anaitikia marahaba, na papo hapo kila mmoja ameshawekwa mahali pake: huyu mzazi, yule mtoto. Baada ya hapo baba ataanzaje kusema kwamba nguvu zimemwishia kitandani, au kwamba analia usiku akiwa bafuni? Kwenye video uso wa kijana unamtazama muda wote. Kwa sauti peke yake, mambo hulegea kidogo. Nimewasikia washauri wakisema kwamba wazee wengi huomba simu ya kawaida isiyo na picha, na nadhani hiyo ndiyo sababu. Hakuna ubaya kumwomba mshauri wa rika au jinsia fulani unapojiandikisha. Unaweza pia kumwambia mshauri kijana, bila kumvunjia heshima, kwamba unaona haya. Mshauri aliyefunzwa vizuri atalichukua hilo kama mahali pa kuanzia.

Hilo linatupeleka kwenye uchaguzi kati ya video, sauti na maandishi. Mwanasaikolojia John Suler aliandika mwaka 2004 kuhusu jinsi watu wanavyolegeza vizuizi vyao wakiwa mtandaoni, wakasema mambo ambayo wasingeyasema uso kwa uso. Kwenye ushauri hilo lina pande mbili. Mtu anaweza kuandika kwa dakika tano kile ambacho angekificha miezi mitatu. Akiamka kesho yake anaona amejianika, anaona haya, na hajibu tena ujumbe. Ukijikuta hivyo, mwambie mshauri: jana nilisema mengi kuliko nilivyokusudia. Hilo nalo ni sehemu ya kazi.

Maandishi yanamfaa anayeishi kwenye nyumba isiyo na faragha, au mwenye bando dogo. Yanapoteza sauti, na sauti ndiyo inayomwambia mshauri kwamba “niko poa” yako siyo poa. Video ya saa moja hula mamia ya megabaiti, wakati simu ya sauti kupitia intaneti hula sehemu ndogo tu ya hiyo. Kwa mtu anayenunua kifurushi cha siku, hili ni suala la kuweza au kutoweza, wala asione haya kulisema. Kama mtandao wa eneo lako unasumbua jioni, chagua asubuhi, au rudi kwenye simu ya kawaida.

Ukimya nao una matatizo yake. Chumbani, mshauri akinyamaza, unamwona yupo, anakusubiri. Ukimya ni nyenzo yake kubwa, kwa sababu mtu akipewa nafasi husema jambo la pili, na la pili ndilo lenye uzito. Kwenye simu ukimya wa sekunde nne tu unazaa “Halo? Halo? Unanisikia?” na kile kilichokuwa kinakuja kinarudi ndani. Washauri wazoefu wa simu husema mapema, “Nikikaa kimya nipo, nakusubiri,” na wengine hutoa mguno mdogo ili ujue laini haijakatika. Mshauri wako asipolisema, mwombe.

Na saa pia iangaliwe. Programu za miadi huandika 19:00, mteja anasoma saa moja usiku, mwingine anadhani ni saa tisa. Aliye Muscat yuko mbele ya Dar es Salaam kwa saa nzima. Kikao cha kwanza kinachokosekana kwa sababu ya saa huwa hakirudiwi, kwa hiyo thibitisha kwa maneno: asubuhi, mchana, usiku, saa ya nani.

Sasa kabati la faili. Mwaka 2020 nchini Finland ilibainika kwamba kumbukumbu za kituo cha tiba ya kisaikolojia kiitwacho Vastaamo zilikuwa zimeibwa. Mwizi aliwaandikia wagonjwa mmoja mmoja akidai pesa, la sivyo angechapisha waliyoyasema kwa siri. Walioathirika walizidi 30,000. Mwaka 2023 nchini Marekani, tume inayolinda walaji iliiamuru kampuni ya ushauri mtandaoni ya BetterHelp kulipa dola milioni 7.8, kwa tuhuma kwamba ilitoa taarifa za wateja kwa makampuni ya matangazo kama Facebook na Snapchat baada ya kuwaahidi kuzitunza. Nataja hayo ili usione aibu kuuliza: maelezo yangu yanaandikwa wapi, nani anayasoma, yanatunzwa muda gani, na nikiacha huduma yanakwenda wapi? Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote mbili zinaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti zinazohitaji ulinzi wa ziada. Mshauri anayerekodi kikao bila ridhaa yako anakosea, hata kama nia yake ni kujifunza.

Lakini kwa wengi wetu hatari iliyo karibu zaidi haitoki kwa wadukuzi. Iko mezani. Simu inashikwa na mume, mke, mtoto anayecheza gemu. Ujumbe unachungulia kwenye kioo kabla hujafungua. Ujumbe wa malipo ya M-Pesa unaandika jina la kituo ulicholipa, na yeyote anayepekua ujumbe wako atalikuta. Muulize mshauri jina gani linaonekana malipo yakipita, na kama kuna njia nyingine ya kulipa. Zima maonyesho ya ujumbe kwenye kioo. Badilisha namba ya siri kama kuna mwingine anayeijua, ila fikiria kwanza: kwenye nyumba yenye ukatili, kubadilisha namba ya siri ghafla kunaweza kuzua shari. Anayeishi kwenye nyumba kama hiyo afadhali afanye kikao kutoka kazini, kwa rafiki, au kwenye kituo cha afya, na kwa simu isiyo yake.

Nirudi kwenye mlango. Watu wana maarifa. Wapo wanaofanyia kikao ndani ya gari lililoegeshwa kazini, kwenye bustani, darasani baada ya wanafunzi kuondoka, juu ya paa la ghorofa kule Eastleigh, Nairobi. Pale ambapo nyumba ni chumba kimoja na paa ni bati, mvua ikinyesha hakuna kikao. Mahali popote panafaa mradi uweze kulia bila mtu kukuuliza umepatwa na nini. Na ukishakata simu, usifungue mlango mara moja. Tenga robo saa. Tembea hadi dukani na kurudi, oga, kaa tu. Hiyo ndiyo nafasi ya ile safari ya daladala, nami naiona kuwa ya lazima kama kikao chenyewe.

Kuhusu mshauri ni nani, kuwa mkali. Intaneti imejaa wanaojiita makocha wa maisha na madaktari wa mahusiano. Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inayotaka wanaofanya kazi hii wasajiliwe. Daktari wa magonjwa ya akili anapaswa kuwa kwenye daftari la baraza la madaktari, kwa Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Uliza amesomea nini, wapi, na nani anamsimamia. Swali la msimamizi ni la maana, maana washauri wazuri nao hupeleka kazi yao kwa mwenye uzoefu zaidi. Anayekasirika kuulizwa hayo amekujibu.

Wanaoishi ughaibuni wana fundo jingine. Msomali wa Mombasa aliye Minneapolis, au Mkongo wa Bukavu aliye Texas, anatamani kuongea Kiswahili, kwa sababu Kiingereza chake ni cha kazini na huzuni yake haikujifunza lugha hiyo. Marekani, leseni hutolewa na jimbo, na kwa kawaida kinachoangaliwa ni mahali mteja alipo wakati wa kikao, japo yapo makubaliano kati ya majimbo mengi yanayowaruhusu wanasaikolojia kuvuka. Kwa hiyo mshauri wa jimbo moja anaweza kulazimika kukukataa ukihamia jingine, na hilo haliwi kwa sababu hakutaki. Wafanyakazi wa ndani walioko Oman na Saudia huzungumza na washauri wa nyumbani usiku wa manane, kwa sauti ya chini, kwenye chumba cha mwajiri. Mshauri wa Nairobi hawezi kumtumia mteja aliye Riyadh gari la wagonjwa. Lazima wakubaliane mapema: jina la mwajiri, mji, namba ya ubalozi, mwenzake wa karibu aliye kule.

Programu zinazojibu zenyewe nazo zimeingia. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alitengeneza ELIZA, programu iliyorudisha maneno ya mtu kwa njia ya maswali, na alishangaa jinsi watu walivyoanza kuifungulia moyo. Za leo zina ufasaha mkubwa zaidi, na zinaweza kukusaidia kupanga mawazo kabla ya kikao. Ila hakuna anayewajibika upande wa pili ukizidiwa saa nane za usiku.

Kwa saa hizo ziko namba. Kenya, 1199 ya Msalaba Mwekundu hutoa msaada wa kisaikolojia, na 1195 ni ya waliofanyiwa ukatili wa kijinsia. Namba 116 ni ya watoto, Kenya na Tanzania pia.

Vikao vitatu au vinne vikishapita, jiulizeni wote wawili kama lengo mlilokubaliana bado ndilo, na kama kuna kilichosogea: usingizi, hasira, siku za kwenda kazini. Kutosogea hakumaanishi umeshindwa. Huenda njia ibadilishwe, au mshauri abadilishwe, na kumwambia “naona nijaribu na mwingine” si utovu wa adabu. Iko hali pia ambapo simu haitoshi tangu mwanzo. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, asiyelala siku kadhaa huku anajiona ana nguvu za ajabu, aliyeacha kula, aliyekwisha kupanga namna ya kujiua, huyo anahitaji kuonwa kwa macho, hospitali ya Mirembe pale Dodoma, Muhimbili pale Dar es Salaam, Mathari kule Nairobi, au hospitali ya mkoa iliyo karibu. Mshauri wa mtandaoni akikuambia hivyo, muulize mambo mawili kabla hujakata simu: je, ataandika barua ya rufaa, na je, ukitoka hospitali mtaendelea?